Nani Anamlisha Mwimbaji? Kutoka Tunzo ya Harusini hadi Nyimbo za Simu



Kila ikiingia mfunguo, daftari za harusi huanza kuandikwa. Ukumbi, pilau, hina na piko, nguo za biharusi, mpambaji, mpiga picha, keki. Mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, huandikwa "muziki". Siku hizi jibu lake ni jepesi: aje mtu mmoja na kompyuta na spika zake, apige nyimbo kutoka mtandaoni mpaka wageni wachoke. Bei nafuu, hakuna wa kumngoja, hakuna wa kumpikia.

Leo nataka tuuzungumze mstari ule wa mwisho, maana una historia ndefu kuliko mistari yote iliyo juu yake. Katika visiwa vyetu muziki wa wanawake umelishwa na wanawake wenyewe, kwa mikono yao, tena khasa kwenye harusi. Santuri zilikuja, redio ikaja, kanda zikaja, na sasa simu. Kila kimoja kilimpa mwimbaji jina. Chakula cha watoto wake kilikuwa kikitoka kwingine.

Muziki wa kasri na muziki wa klabu

Taarabu ya Unguja husimuliwa kuanzia kasri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Masimulizi ya wazee yanasema alimpeleka Misri kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, akajifunze muziki, na aliporudi akawafundisha wengine kumwimbia Sultani. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji walikuwa watu wa kasri, na mlipaji alikuwa mmoja tu. Mpiga ala alikula kwa sababu Sultani aliupenda muziki. Siku Sultani asipopenda, basi tena.

Mwaka 1905 wakaja Ikhwani Safaa. Hawa walikuwa wanaume wa mjini waliounda klabu yao, wakachangishana, wakaagiza ala na kujifunza wenyewe. Hapo mlipaji akabadilika: badala ya mtawala mmoja wakawa wanachama wengi, kila mmoja na mchango wake. Klabu hiyo ipo mpaka leo, imepita enzi za masultani, za Waingereza na za Mapinduzi. Kilichoibakisha ni watu waliokubali kutia mkono mfukoni.

Wanawake nao hawakukaa kimya miaka yote hiyo. Walikuwa na ngoma zao, na lelemama zao, na unyago wao ambako somo humfunda mwari. Lakini katika taarabu, mlango mkubwa ulifunguliwa na mtoto wa wafinyanzi.

Siti na santuri

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini waliofinyanga vyungu. Alikuja mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba na wanaume waliokuwa wakijua ala, akaanza kuiimba taarabu kwa Kiswahili. Aliimba mambo ambayo watu wa Ng'ambo walikuwa wakiyaishi: mapenzi, dhulma, mahakama, wanawake walioonewa. Wakubwa walimwita majumbani kwao, na wadogo walimsikia mitaani.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo kabisa wa Kiswahili kurekodiwa kwa ajili ya biashara, na santuri zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, mwenye gramafoni kwenye pwani yetu alikuwa akinunua zaidi sauti za Waarabu na Wahindi. Baada ya Siti, kampuni nyingine nazo zikaja kutafuta sauti za Waswahili.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo mambo ya leo yalipoanzia. Santuri ya enzi zile iliingia kiasi cha dakika tatu kila upande. Wimbo wa taarabu uliozoea kunyooka usiku kucha ukakatwa uingie humo. Na desturi iliyoenea katika biashara ya santuri wakati ule ilikuwa msanii alipwe mara moja kwa kazi ya kurekodi, basi. Santuri ikishatoka ikawa ya kampuni na ya mwenye duka. Mtu akiinunua Mombasa au Dar es Salaam, akaisikiliza mpaka ikapasuka, ule uchakavu wa santuri hauongezi senti kwa aliyeimba.

Siti alifariki mwaka 1950. Jina lake liko mpaka leo, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu unaosomwa bado. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kumsikia sasa hivi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema santuri hazikuwa na faida. Faida yake ilikuwa kumbukumbu. Sisi mara nyingi tunachanganya kumkumbuka mwimbaji na kumlisha.

Kutunza: hesabu ya wanawake

Mtu asiyetoka pwani akihudhuria taarabu yetu kwa mara ya kwanza, kitu kinachomshangaza si sauti. Ni wale wanawake wanaoinuka vitini mmoja mmoja, wamevaa wakapendeza, wanakwenda mbele polepole kwa kuyumba, noti imeinuliwa juu mkononi, mpaka wakafika kwa mwimbaji na kumpa. Sisi tunaita kutunza.

Kutunza ni malipo, lakini pia ni maneno. Anayeinuka kwenye ubeti fulani anasema kuwa ubeti ule ni wake. Huyu amesemewa uchungu wake, yule anampelekea salamu jirani aliyekaa safu ya pili, mwingine anamshukuru Mungu kuwa mwanawe ameolewa. Mwimbaji akiona watu wanazidi kuinuka, haukati wimbo. Anarudia ubeti, wapiga ala wanazunguka tena, na wimbo unafika dakika kumi na kupita. Urefu wa wimbo wa taarabu umepimwa kwa miguu ya wanawake wanaokwenda kutunza.

Sasa angalieni uchumi wake. Fedha inatoka mkono wa msikilizaji inaingia mkono wa mwimbaji, hakuna dalali katikati. Inatolewa pale pale, haingojei miezi mitatu. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayeamua ubeti gani una thamani. Na kila kikundi kina utaratibu wake wa kugawana, ili mpiga fidla na mpiga dumbaki nao warudi nyumbani na kitu.

Kwa njia hii wanawake wa mjini waliweza kuunda vikundi vyao wenyewe. Wazee bado wanayataja majina: Sahib el-Ari na Nuru el-Uyuni, na vile vilivyojipa majina ya majeshi ya Waingereza, Royal Navy na Royal Air Force. Vilishindana kwa nyimbo na kwa sare za kanga, mafumbo yakirushwa kutoka kikundi kimoja kwenda kingine mpaka mji mzima ukagawanyika. Lakini ushindani ule ulikuwa juu ya msingi wa kuchangiana. Mwanachama akioza, wenzake wapo. Akifiwa, wenzake wapo. Muziki ulikuwa ndani ya mfuko mmoja na maisha mengine.

Na aliyekuwa hana uwezo wa kuita taarabu kubwa yenye ala nyingi hakuachwa. Kulikuwa na kidumbaki: ngoma ndogo mbili, fidla, cherewa, na lile besi la sanduku lenye kamba moja. Watu wachache, bei ya chini, na harusi inachangamka mpaka alfajiri. Kwa hiyo hoja ya kwamba muziki wa watu hai ni wa matajiri si kweli kihistoria. Maskini wa Unguja walikuwa na muziki wa watu hai wa kiwango chao.

Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alitoka katika ulimwengu huo. Aliimba, alipiga ngoma za unyago, aliwafunda wari wasiohesabika. Dunia ilimjua uzeeni: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akaimba majukwaa ya Ulaya. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, alizikwa kwa heshima kubwa. Lakini kwa miaka mingi kabla majukwaa hayo hayajamfungukia, waliomwita ni mama zetu na bibi zetu, waliotaka mwari wao afundwe na harusi yao ipate sauti.

Kanda na mkono wa mwizi

Redio ilikuja kabla ya kanda. Sauti ya Unguja iliingiza taarabu kila nyumba iliyokuwa na redio, na baada ya Mapinduzi ya 1964 vikundi vikubwa vikawa chini ya ulezi wa serikali na chama. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, ilikulia katika ulezi huo. Tena mlipaji akawa mkubwa mmoja, na tena usalama wa mwanamuziki ukategemea hali ya mkubwa huyo.

Kisha ikaja kaseti. Kaseti ilikuwa neema kwa wanawake, maana uliweza kusikiliza jikoni unapokuna nazi. Lakini kaseti ilikuwa na ubaya wake: yeyote mwenye redio ya mikanda miwili aliweza kunakili. Kikundi kinarekodiwa usiku kwenye harusi, na siku ya pili kanda inauzwa na mtu ambaye hakupiga hata kofi. Katika miaka ya 1990 taarabu mpya ya vinanda vya umeme ilivuma kutoka Dar es Salaam, East African Melody na TOT, na Khadija Kopa wetu aliyetokea Culture akawa anaimbwa kila mtaa. Kanda zilienea kuliko wakati wowote. Wengi waliokuwa na kanda hizo hawakujua hata kwamba walikuwa wameshika mali ya wizi.

Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ilikuja mwaka 2003, na kwayo tukapata COSOZA, chombo cha kusimamia haki za wasanii wetu. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria ilipofika, kanda yenyewe ilikuwa inakaribia kufa.

Simu na kapu moja kubwa

Tuje kwenye simu. Boomplay ilishazoeleka huku kwetu, YouTube ndiyo redio ya kila nyumba, na Spotify ilifunguliwa rasmi Tanzania na Kenya mwaka 2021. Mwanamke wa Makunduchi anaweza kuiweka sauti yake hewani leo, dada yake akaisikia Muscat kesho. Hili Siti hakulipata, yeye ilibidi apande meli.

Tatizo liko kwenye kapu. Watu wengi hudhani kwamba akilipia programu na kumsikiliza mwimbaji mmoja tu mwezi mzima, fedha yake inakwenda kwa mwimbaji yule. Kwa mfumo uliozoeleka, haiendi hivyo. Fedha za wote hutiwa kapu moja, kampuni inachukua fungu lake, kisha kinachobaki hugawanywa kwa kulinganisha nani amesikilizwa mara ngapi katika soko lile zima. Ukimsikiliza mwanamke wa kidumbaki pekee, sehemu kubwa ya fedha yako itakwenda kwa nyota wa dunia usiowajua hata majina.

Pili, wimbo huhesabiwa mara moja. Kwa Spotify, ukipita sekunde thelathini tayari umehesabiwa. Wimbo wa dakika mbili na wimbo wa taarabu wa dakika kumi na mbili ni sawasawa. Yale marudio yaliyotungwa ili wanawake wapate kuinuka na kutunza, huku hayana thamani yoyote. Santuri iliukata wimbo kwa sababu haukuenea, na simu inaukata kwa sababu urefu haulipi.

Tatu, tangu mwaka 2024 Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi kitu. Kwa nyota hilo si neno. Kwa kikundi cha shamba chenye nyimbo ishirini, kila moja ikisikilizwa mara mia tisa, ni mwaka mzima wa sifuri.

Tufanye hesabu ya jikoni. Malipo hubadilika kwa nchi na kwa kampuni, lakini makadirio yanayotajwa sana ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila mara wimbo unaposikilizwa. Tuchukue katikati, 0.004. Mara 1,000 ni dola nne. Dola ikiwa kama shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 10,000. Na hapo wakala aliyeuingiza wimbo mtandaoni hajachukua chake. Kikundi cha watu kumi na wawili wakigawana, kila mmoja hapati hata elfu moja.

Shilingi elfu kumi ni noti moja. Ni mwanamke mmoja aliyeinuka kitini mara moja.

Lakini harusi imekuwa ghali

Najua mtakachosema. Ukumbi umepanda, mchele umepanda, wageni hawapungui. Mama wa biharusi anatafuta pa kukata, na muziki haulii ukikatwa. Hilo kweli. Ila tazama kinachobaki kwenye daftari: keki itakayoliwa kipande na kutupwa nusu, mapambo ya saa nne yatakayofumuliwa usiku ule ule. Kidumbaki cha watu watano kinaweza kuingia katika nafasi ya mojawapo ya hayo, kama kikiandikwa mapema, kabla fedha haijaisha.

Wapo pia watakaosema nyumba yao haiingizi taarabu, wanachagua dufu na kaswida. Hilo ni chaguo la kila nyumba na tunaliheshimu. Hesabu lakini haibadiliki. Akina mama wa kaswida wametoka majumbani kwao, wamefanya mazoezi, wamepanda gari kwa nauli yao. Wao nao wamegeuzwa faili la kwenye simu. Na sote tumefundishwa kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la koo nalo ni jasho.

Mambo machache ya kufanya

Kwa mabiharusi na mama zao, haya ndiyo yaliyo mikononi mwetu.

Andika mwimbaji juu ya daftari, pamoja na ukumbi. Mpe amana siku mnapokubaliana, na iliyobaki apewe kabla hajafunga ala zake. Asiambiwe apige simu wiki ijayo.

Weka chenji ya kutunza. Bibi zetu walikuwa wakibadilisha noti siku mbili kabla ya shughuli. Waambie mashoga zako kwenye kadi au kwenye kundi la simu kwamba kutakuwa na waimbaji hai, waje wamejitayarisha.

Uliza kabla ya kurekodi. Usiku wa wanawake una stara yake, wageni wamevua mabuibui, na mwimbaji naye ana haki ya kuamua sauti yake iende wapi. Video iliyotupwa mtandaoni na mgeni ndiyo ile ile kanda ya kunakili, imebadilisha nguo tu.

Ukipenda kusikiliza simuni, sikiliza kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe, si kwa aliyeidokoa. Na ikiwa una ndugu Dubai, Muscat au London mwenye kadi ya benki, mwambie anunue albamu nzima pale inapouzwa moja kwa moja. Bandcamp, kwa mfano, hukata kiasi cha asilimia 15 kwenye mauzo ya muziki wa kidijitali, na sehemu kubwa ya kinachobaki humfikia msanii. Albamu moja iliyonunuliwa inapita miezi ya kubonyeza.

Na tuwajue walio hai. Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu mwaka 2020 inayorudi kwenye nyimbo za bibi yake. Siti Amina na bendi yake wametokana na chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichoanza Unguja mwaka 2002, ambako wasichana wengi wameshika ud na kanuni kwa mara ya kwanza. Kuna Tausi, taarabu ya wanawake watupu, ambao kwao hata ala zote zinapigwa na wanawake. Kwa shughuli ya ndani yenye stara, mtu atataka nini zaidi?

Wanawake hawa hawaombi sadaka. Wana kazi, na kazi ina bei. Sultani alilipa alipotaka, kampuni ya santuri ililipa mara moja, serikali ililipa ilipoweza, na simu inalipa kwa makombo. Aliyelipa bila kukosa, harusi baada ya harusi, kwa zaidi ya miaka themanini, ni mwanamke wa Unguja aliyeinuka kitini na noti mkononi. Akikaa chini huyo, hakuna mwengine nyuma yake.

Allah awape mabiharusi wetu nyumba zenye utulivu na heri. Mkiwa na kikundi cha wanawake mtaani kwenu mnachokiamini, mjini, shamba au Pemba, tajeni jina lake hapa chini mashoga wapate pa kuanzia. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.